Klachi ya Bwana Zubeiri

Palikuwa na tajiri mmoja hapo Tanga, Bwana Zubeiri bin Awadhi, mwenye maduka ya vyuma, nusu ya viwanja vya mtaa wake, na ulimi usiochoka kusema kwamba kila fundi ni mwizi. Wenzangu, bwana huyu alikuwa na gari la spoti, jekundu, limekaa chini hata ukilipanda unaona umeketi mkekani. Alilipenda kama mke mdogo.

Klachi ikaungua. Gereji ya karibu ilikuwa ya Fundi Mwanamvua, mwanamke aliyerithi spana kwa babake na maneno kwa mamake. Gereji yenyewe ilikuwa ndani ya kiwanja cha huyo huyo Bwana Zubeiri. Mwanamvua alipomtajia ujira wake, tajiri akaenda kumcheka barazani.

"Klachi ni boliti tu," akasema. "Unafungua, unatoa, unatia, unafunga. Nimlipe mtu kwa kufungua na kufunga? Basi na mlango wangu nimlipe mtu anifungulie."

Watu wakacheka. Tajiri akitia mzaha, nani hacheki? Lakini Mwanamvua roho ilimuuma, maana wateja walishaanza kumwambia, "Mbona Bwana Zubeiri anasema ni boliti tu," kisha wanakwenda zao.

Basi bwana akanunua klachi mpya, akajilaza chini ya gari uani kwake. Alichubuka vidole, akameza na mafuta ya gia kidogo, lakini tusimdhulumu: alimaliza. Kesho yake mwanawe alikuwa anaoa, na yeye alikwisha kuapa mbele ya wakwe kwamba gari lile ndilo litakaloongoza msafara wa kumchukua bibi harusi. Asubuhi akaliwasha. Likaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, likagonga pipa la maji, likazima.

Ikabidi amwite Mwanamvua. Fundi akaja, akasikiliza, akauliza.

"Ile sahani ya klachi, bwana, ulipoitia, uso wake ulitazama wapi?"

"Ninakotazama mimi. Mbele."

"Basi umeitia kisogo. Yatakiwa kugeuzwa."

"Kugeuzwa tu?"

"Kugeuzwa tu."

Uso wa tajiri ukang'aa. "Hiyo si kazi ya gereji, binti. Kazi kubwa nimekwisha kuifanya mimi. Wewe geuza, kama ugeuzavyo chapati, nami nitakulipa bei ya chapati. Na gari liwe tayari kabla ya alasiri. La sivyo, tafuta kiwanja kingine cha kuweka hiyo gereji yako."

Mwanamvua akapiga hesabu. Aliyafikiria mabati ya gereji ambayo babake aliyapigilia kwa mkono wake. Akikataa, yatang'olewa. Akikubali, kesho mji mzima utataka klachi kwa bei ya chapati.

"Nimekubali, bwana," akasema. "Kugeuza, kwa bei ya chapati. Shahidi nani?"

"Mimi nimesikia," akaitika Bi Shufaa, mke wa tajiri, kutoka dirisha la jikoni.

Mwanamvua akanawa mikono, akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha viganja.

"Unangoja nini?" akauliza tajiri.

"Naingoja sahani. Chapati hugeuzwa ikiwa juu ya chuma. Sijaona mtu akigeuza iliyomo ndani ya gunia la unga."

"Sahani imo ndani, nyuma ya gia boksi."

"Najua."

"Basi fungua."

"Nifungue mimi? Kufungua ni boliti tu, bwana. Mimi nimepewa kugeuza. Nikifungua, nitakuwa nimekunyang'anya ile kazi kubwa."

Tajiri akamtazama fundi, akalitazama jua. Akavua kanzu yake ya harusi, akajifunga kikoi, akaingia chini ya gari. Akafungua huku akinung'unika. Boliti ya mwisho ilipotoka, gia boksi likamshukia kifuani taratibu. Halikumuumiza, ila halikumwachia.

"Mwanamvua," akaita. Kumbe jina alikuwa akilijua.

"Labeka, bwana."

"Hebu nishikie hili kidogo."

"Kushika ni kazi, au si kazi?"

"Si kazi. Ni msaada tu."

"Kama si kazi, fundi wa nini? Mwite yeyote apitaye njiani."

"Ni zito, wewe mwanamke."

"Zito? Barazani lilikuwa jepesi."

Bi Shufaa akachungulia dirishani. "Baba Awadhi, wakwe wamepiga simu. Wanauliza msafara umefika wapi."

Chini ya gari zikasikika pumzi za kusukuma chuma. 

"Ni kazi," sauti ikatoka.

"Kazi ya nani?"

"Ya fundi."

"Na fundi hulipwa ngapi?"

"Alizozitaja mwanzo."

"Na barazani utasemaje?"

"Nitasema hivyo hivyo."

"Na kiwanja?"

"Kaa, mama. Kaa mpaka uchoke."

"Bi Shufaa, umesikia?"

"Nimesikia, na majirani wamesikia."

Ndipo Mwanamvua akaenda gerejini kwake, akarudi akiburura jeki ya magurudumu, akaliteremsha lile dude juu ya jeki kama mtu amlazaye mtoto. Akaigeuza sahani, akaliinua gia boksi, akafunga, akapima, akawasha. Gari likanguruma kama paka aliyeshiba, na adhana ya alasiri bado.

Bwana Zubeiri akasimama uani, grisi mpaka ndevuni, akitafuta heshima kidogo ya kuondokea.

"Nitakulipa, Mwanamvua, sikatai. Lakini nawe kuwa mwadilifu. Nilipokuwa nimelaliwa na chuma, wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda unanitazama. Muda ule nao umenitoza?"

"Hasha, bwana," Mwanamvua akasema, akifuta spana zake moja moja. "Muda ule ni mimi ninayedaiwa. Niambie tu kiingilio kilikuwa kiasi gani."