Mtamba Mmoja, Shamba la Nusu Mbili

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzijuzi, watu wa kijiji cha Kwemvumo walipanda mahindi kwa jembe na kisigino. Jembe lilichimba, mkono ukadondosha mbegu nne au tano, kisigino kikafukia, na mguu ukasonga mbele popote ulipopenda. Mahindi yaliota kama watu waliokuja msibani: kundi limesongamana huku, mmoja kasimama peke yake kule. Watu wakavuna kidogo, wakala kidogo, na mwaka uliofuata wakapanda vilevile.

Ndipo mradi ulipokuja. Ulikuwa mradi wa kupunguza umaskini kwa wakulima wadogo, na jina lake kamili lilijaza ubavu mzima wa gari, kwa hiyo watu waliuita Mradi tu. Meneja wake aliitwa Eliamani, mtu mpole, mwenye kofia pana na daftari ambalo hakuliweka chini hata alipokunywa chai.

Eliamani akawaambia wanakijiji, "Sitaki mniamini mimi. Nataka myaamini macho yenu." Akapima ekari moja kando ya barabara, akaigawa nusu mbili kwa mstari wa mawe. "Nusu ya kushoto italimwa kitaalamu, kwa mistari, samadi na palizi mbili. Nusu ya kulia italimwa kimazoea, kama mlivyolima siku zote. Siku ya mavuno mtaiona tofauti wenyewe."

Ikapigwa kura. Nusu ya kitaalamu ikamwangukia Semkiwa, mwenye mbuzi wengi, na maneno mengi kuliko mbuzi. Nusu ya kimazoea ikamwangukia Bi Mwantumu, mjane. Na kwa kuwa nyani wa Kwemvumo hula cha mtaalamu na cha asiye mtaalamu, akachaguliwa Mzee Mhina akae juu ya dungu, jukwaa la miti minne katikati ya shamba, na kombeo lake mkononi, azilinde nusu zote mbili. Desturi ya kijiji kile ni kwamba mlinzi hulishwa na wenye shamba, leo huyu, kesho yule.

Mwisho Eliamani akasema neno lililowafanya watu waache kukohoa. "Siku ya mavuno nitakuja na ng'ombe, mtamba mwenye mimba. Atapewa mtu aliyetuletea mavuno mazuri katika shamba hili."

Watu wote wakamtazama Semkiwa. Semkiwa akarekebisha kola yake.

Bi Mwantumu hakumtazama mtu. Zamani alikuwa na ng'ombe wawili. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikuja na pole, wakaondoka na ng'ombe. Tangu hapo kila asubuhi alipita na kikombe kwa majirani kumwombea maziwa mjukuu wake mchanga, na alikuwa amejifunza kubisha hodi kwa sauti ya mtu anayepita tu. Mtamba yule alimtaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini alijua hesabu ilivyokaa: nusu yake ilikuwa imewekwa pale ili ishindwe.

Mvua ikanyesha. Bi Mwantumu akapanda kama alivyoagizwa, kwa kisigino. Mahindi yakachomoza kila moja na njia yake. Shamba lilikuwa kando ya barabara ya kisimani, na wanawake wenye ndoo wakasimama kutazama.

"Mwantumu mwenzetu, hapa ulipanda au gunia lilikutobokea?"

"Ni ya Mradi," akajibu.

"Mradi wa kupunguza umaskini, au wa kuuongeza?"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Siku ya kwanza Bi Mwantumu alivumilia. Siku ya pili alivumilia. Siku ya tatu aling'oa mahindi yote.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kuchanganyika.

Kila Alhamisi Semkiwa alipewa somo na Mradi. Na kila Alhamisi, akitoka kwenye somo, alisimama kwenye mstari wa mawe na kulirudia kwa sauti, ili Bi Mwantumu ajue anachokikosa.

Alhamisi ya kwanza akasema, kwa heshima ya kijirani, "Shemeji, leo tumefundishwa nafasi. Mstari hadi mstari, sentimita sabini na tano. Shimo hadi shimo, thelathini. Wewe huruhusiwi, lakini si vibaya kusikia."

"Asante, shemeji," akasema Bi Mwantumu. Semkiwa alisema, Mwantumu akafanya. Kesho yake alipanda upya, amefunga mafundo kwenye uzi kupimia nafasi.

Alhamisi ya pili akasema, "Leo ni samadi, shemeji. Samadi ndiyo chakula cha udongo. Mimi zizi langu limejaa hadi magotini."

"Mbona hujaileta shambani?"

"Nabebaje? Kichwani?" Mwanaume wa Kwemvumo habebi samadi kichwani. Akiibeba leo, atachekwa mpaka kwenye harusi ya binti yake. "Nangoja toroli la Mradi."

"Basi nikusafishie zizi, shemeji?"

"Utakuwa umenisaidia sana." Semkiwa alisema, Mwantumu akafanya. Alibeba matenga ishirini na sita, na toroli la Mradi halijafika hadi leo.

Alhamisi ya tatu ilikuwa palizi. Semkiwa aliieleza palizi vizuri sana, tangu jembe linavyoshikwa hadi jasho linavyofutwa. Alipomaliza alikuwa amechoka, akaenda kulala. Bi Mwantumu akapalilia.

Na Mzee Mhina je? Siku ya zamu ya Bi Mwantumu, uji wa moto ulifika chini ya dungu, umetiwa ndimu. Siku ya zamu ya Semkiwa, alifika Semkiwa mwenyewe, mikono mitupu, akasema, "Mzee wangu, kesho." Zamu ikazunguka, uji ukafika. Zamu ikazunguka, ikafika kesho. Mwishowe Bi Mwantumu akawa analeta uji siku zote mbili.

Mzee Mhina alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilipitia tumboni kwanza. Akageuza kigoda chake, akaelekea ulikotoka uji. Nyani wakija upande wa Bi Mwantumu, jiwe liliruka. Nyani wakija upande wa Semkiwa, Mzee Mhina alikuwa anatengeneza kombeo.

"Mzee, huwaoni wale?" watu walimuuliza.

"Nawaona. Nimewaambia kesho."

Sasa, barabara kuu ilikatwa na mvua. Meneja Eliamani alipokuja kukagua alizunguka milimani, akalifikia shamba kwa upande wa nyuma. Akafungua daftari. Daftari lilisema, kitaalamu kushoto. Akatazama kushoto kwake, akaona mahindi marefu, ya kijani kibichi, yamejipanga kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Akatazama kulia, akaona mahindi ya manjano yaliyotafunwa.

"Semkiwa," akasema huku amemshika mkono, "hii kazi yako imenitoa machozi."

Semkiwa akatazama mahindi ya Bi Mwantumu. Akafungua mdomo ili aseme ukweli. Ukweli ulichelewa kidogo, naye Eliamani akaendelea, "Lazima uje mjini kwenye semina, uwaeleze wenzako ulivyofanya."

"Nitakuja," akasema Semkiwa.

Bi Mwantumu alikuwa pale pale, jembe begani. Alinyamaza, kwa sababu aliagizwa alime kimazoea na hakulima kimazoea. Aliogopa akisema atafukuzwa shambani. Mzee Mhina alinyamaza kwa sababu alikuwa anakunywa uji.

Mara nne nyingine Eliamani alikuja kwa njia ile ile ya milimani, akasifu vilevile. Basi Semkiwa akaenda semina ya kwanza kueleza anavyopalilia, na magugu yakaota nyuma yake. Akaenda ya pili kueleza anavyofukuza nyani, na nyani wakala mahindi yake. Kila aliporudi, alisimama kwenye mawe na kusimulia yote aliyoyasikia huko: kutambua viwavi, kutumia majivu, kuvuna bila kupoteza punje. Semkiwa alisema, Mwantumu akafanya.

Siku ya mavuno ikafika. Barabara kuu ilikuwa imefunguliwa, na Eliamani alikuja kwa njia yake ya zamani, nyuma yake lori, ndani ya lori mtamba. Alikuwa mwekundu, macho makubwa, tumbo limeshuka. Akateremshwa, akaanza kula kofia ya Eliamani.

Yakapimwa mahindi ya nusu ya kitaalamu. Magunia matatu. Yakapimwa ya nusu ya kimazoea. Magunia kumi na moja.

Eliamani akatazama daftari. Akaligeuza juu chini. Akatazama barabara, akatazama mlima alikopita mvua ilipokata barabara, akakaa juu ya gunia.

"Bwana Semkiwa," akasema taratibu, "zile semina zote ulikuwa unaeleza mahindi ya nani?"

"Nilikuwa naeleza mahindi kwa jumla, Bwana Meneja."

Kijiji kikacheka, na yote yakasemwa hadharani: uzi wa mafundo, matenga ya samadi, uji, kigoda kilichogeuzwa. Eliamani akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akasema, "Ahadi ni ahadi. Nilisema mtamba ni wa aliyetuletea mavuno mazuri. Mavuno mazuri ni haya magunia kumi na moja. Aliyeyaleta aseme."

Watu watatu wakasema pamoja. Akawanyamazisha, wakasema mmoja mmoja.

Bi Mwantumu akasema, "Bwana Meneja, aliyeinama ni mimi. Nilipanda mara mbili. Samadi nimeibeba kwa kichwa hiki. Nimepalilia mara mbili, na uji nimepika wa zamu yangu na wa zamu isiyo yangu. Ningetolewa mimi, hapa pangekuwa na majani tu."

Semkiwa akasema, "Sikatai kwamba shemeji aliinama. Lakini ameinama miaka yote na hakuvuna hata magunia matatu. Mwaka huu kilichoongezeka ni nini? Ni maneno yangu. Nafasi ni mimi, samadi ni mimi, tena ya mbuzi wangu. Majivu ni mimi. Na shamba lenyewe aliambiwa alime kimazoea. Amevunja sharti la Mradi mbele ya macho yetu."

"Nawe shemeji, uliambiwa ulime kitaalamu," akasema Bi Mwantumu. "Ulikuwa unajisifu tu. Mimi nikawa na masikio."

"Hata kama nilijisifu, nilijisifu kwa usahihi."

Mzee Mhina akateremka kutoka kwenye dungu, ngazi kwa ngazi, bila haraka. Akasema, "Wanangu, mimi sijui sentimita. Najua nyani. Tazameni upande wa Semkiwa: pale nyani walipita. Tazameni upande wa Mwantumu: hawakupita. Hao wawili walikuwa wanalala kwao. Mimi nimelala juu ya miti minne miezi mitatu na mgongo wangu una mistari mingi kuliko shamba. Mahindi mazuri bila mlinzi ni karamu ya nyani."

"Lakini Mzee, ulipewa nusu mbili uzilinde," akasema Eliamani. "Umelinda moja."

"Nililishwa na moja," akasema Mzee Mhina. "Ungesema nilinde mbili kwa uji wa mmoja, ningekwambia tangu mwanzo."

Kijiji kikagawanyika. Wanawake wa kisimani, wale wale waliocheka, wakasimama upande wa Bi Mwantumu. Waliohudhuria semina wakasimama upande wa Semkiwa. Wazee, na wote waliowahi kuliwa mahindi na nyani, wakasimama nyuma ya Mzee Mhina. Wakabishana mpaka jua likapita utosini.

Dereva wa lori akapiga honi. "Bwana Meneja, wingu lile si la mchezo. Njia ikikatika tena tutalala hapa. Mnampa mtu ng'ombe au namrudisha?"

Semkiwa akamtazama mtamba. Mzee Mhina akamtazama mtamba. Bi Mwantumu hakuweza kumtazama, aliyatazama magunia.

Eliamani akafunga daftari. "Mimi siwezi kuamua," akasema. "Nilikuja mara tano, na mara tano nilimsifu asiyelima. Ninyi mlikuwapo. Amueni ninyi kabla mvua haijaanza."

Nami pia, jamani, siwezi kuamua. Mmoja alifanya asichoruhusiwa kufanya, na magunia yakajaa. Mmoja alifundisha asichokifanya, na kila alichofundisha kilikuwa kweli. Mmoja alilinda nusu ya alichopewa, lakini katika nusu hiyo haikupotea hata punje.

Matone ya kwanza yameshaanguka, na dereva kawasha gari. Je, wewe ungemkabidhi nani mtamba yule? Na wale wawili wengine, ambao sasa wanakutazama usoni, ungewaambia nini?