Mgeni wa Meko ya Chumvi

Nitegeeni masikio. Mmeyatega? Basi jueni kuwa alikuwapo mchemsha chumvi, jina lake Ruhaga mwana wa Bayaga, wa kijiji cha Kasenyi. Wachemsha chumvi wa huko walikuwa na mwiko: chungu kikiwa mekoni, siku zote tatu, mtu hanywi maji, chumvi isije ikakimbia.

Siku ya kwanza mgeni mkavu kama ganda alitoka ndani ya mvuke.

"Ruhaga, hujanywa. Nipe mate yako."

Ruhaga akacheka. "Chukua."

Ulimi wake ukakauka.

Siku ya pili: "Hujanywa. Nipe machozi yako." Akampa. Macho yakawa makavu kama kokoto, na mkewe Nyabenda, mama wa mwanawe Ntahondi, akimwita, haitiki.

Siku ya tatu mgeni alikuja amenenepa, na uso wake ulikuwa uso wa Ruhaga.

"Hujanywa. Sasa nipe damu."

Nyabenda aliwaona waume wawili mekoni. Akateka kata ya maji, akampelekea yule aliyekonda.

"Kunywa, baba Ntahondi!"

"Chumvi itakimbia."

"Ikimbie! Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na chumvi."

Akanywa kata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Machozi yakamtoka, na mgeni akasinyaa. Chumvi ilitulia chunguni, nyeupe.

Mgeni akaondoka, akaenda meko ya jirani. Hapo alikuwapo Kigoye, hajagusa maji tangu juzi, akimcheka Ruhaga kwa kuvunja mwiko. Nyabenda alimsikia Kigoye akijibu, bado anacheka, "Chukua."

Yangu yamekwisha. Mwenye kiu asiningoje.