Kidole cha Shekue

"Heri kidole kiungue, mkono wa mwenzio upone." Ndivyo alivyowaambia mama yenu jikoni sasa hivi, nanyi mmenijia mbio mnataka kujua nani aliungua. Haya, kaeni. Nasoro huku, Mishi kule, maana najua hamsemezani tangu jana. Maneno haya yana mwenyewe, na mwenyewe ni wa kwetu.

Zamani za mababu, ile ngome iliyobaki magofu nyuma ya soko ilikuwa na kikosi cha mizinga. Mkubwa wao alikuwa Jemadari Pirdadi, Mbulushi mwenye ndevu za hina na sauti ya kukurupusha kunguru. Askari wake walikuwa mchanganyiko, Mbulushi, Mshihiri, Mngazija na vijana wa hapahapa mjini. Msidhani walikuwa mashujaa wa vita! Mara moja tu walipiga mzinga kwa hasira, wakauangusha mnazi wa kadhi. Kazi yao hasa ilikuwa kupiga mizinga ya Idi na ya kupokea wageni, na mji mzima uliwapenda kwa kelele zao.

Lakini mzinga hauna Idi. Ukishapigwa, cheche hubaki ndani. Sasa yupo mtu wa mbele, anayeingiza baruti mdomoni mwa mzinga na kuishindilia kwa mti mrefu. Na yupo mtu wa nyuma, ambaye kazi yake yote ni kuziba kwa kidole gumba kile kitundu cha kuwashia, mpaka mwenzake amalize. Akiachia kidogo tu, hewa inapita, cheche inafufuka, baruti inalipuka, na yule wa mbele anapoteza mikono, kama si roho.

Mtu wa mbele alikuwa Mwinyimvua. Wa nyuma alikuwa Shekue. Tundu lile huwa la moto, kwa hiyo Shekue alivaa kifuko cha ngozi kidoleni. Na Jemadari, mzee yule mwerevu, aliweka desturi yake: kifuko cha Shekue kikae kwa Mwinyimvua, na mti wa Mwinyimvua ukae kwa Shekue. Kila siku ya kazi ilikuwa lazima waamkiane na kupeana. "Watu wasiosalimiana," alikuwa akisema, "siwapi baruti."

Wakaishi hivyo kama ndugu, mpaka Mwinyimvua alipoleta posa. Alimtaka Kibibi, dada yake Shekue. Kibibi naye alimtaka, tena hakuficha. Lakini baba yao alikuwa ameshafariki, na walii, yaani mwenye haki ya kumwoza, alikuwa Shekue. Akakataa katakata.

"Simwozi dada yangu mpiga mizinga," alisema. "Leo mzima, kesho vipande. Nimwache mjane angali mbichi?"

"Kwani wewe ni mwuza maandazi?" Kibibi akamjibu. Mdomo huo ndio mliourithi nyinyi.

Basi wakanuniana. Ikafika asubuhi ya Idi, watu wametoka kuswali, wanawake wamejaa madirishani, Kibibi miongoni mwao. Shekue akauleta ule mti, akauegemeza ukutani bila neno. Mwinyimvua alikuwa na kifuko cha ngozi kiunoni. Akasema moyoni, akikitaka ataniomba. Shekue naye akasema moyoni, akiona vyema atanipa. Jemadari alikuwa amewapa mgongo, anaangalia kama watu wameshaondoka mbele ya mizinga. Ah, kiburi! Wanaume wazima wawili!

Wakaanza. Mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu, chuma kinazidi kupata moto na kidole cha Shekue ki kitupu. Katika kushindilia baruti ya mwisho, Mwinyimvua akasikia harufu ya nyama. Akadhani ni mbuzi wa Idi. Akainua macho, akaona moshi mwembamba unatoka chini ya gumba la Shekue, na Shekue mwenyewe machozi yanamtiririka, midomo ameiuma, hakutikisika.

Mwinyimvua akauchomoa mti, akaruka pembeni akipiga kelele, "Achia! Achia, nimetoka!"

Ndipo Shekue akaachia, akakaa chini kama mtoto.

Mwinyimvua akapiga magoti mbele yake, akakitoa kile kifuko kiunoni. "Kilikuwa hapa, Shekue. Kilikuwa hapa wakati wote! Kwa nini hukuniomba?"

"Na wewe kwa nini hukunipa?"



"Ungeachia tu," Mwinyimvua akasema huku analia. "Mimi na wewe hatusemezani. Nani angekulaumu?"

"Nilitaka kuachia. Wallahi nilitaka. Nikamwona Kibibi dirishani." Shekue akapuliza kidole. "Nilikunyima dada yangu kwa kuogopa mzinga utamfanya mjane. Kumbe mzinga hauna uwezo huo. Uwezo ulikuwa hapa, kidoleni kwangu."

Jemadari akawatukana wote wawili kwa Kibulushi, kisha akawakumbatia. Mzinga wa mwisho wa Idi ile haukupigwa, na mji ukauliza kulikoni.

Jibu walilipata siku ya harusi. Mnajua walii na bwana harusi hushikana mikono ya kulia, gumba kwa gumba. Shekue alikuja na gumba limefungwa kitambaa. Mwinyimvua akaogopa kumshika, akawa anamgusagusa tu kama anayeshika yai. Kadhi, ambaye mnazi wake alikuwa bado hajausahau, akakasirika. "Shikaneni sawasawa! Kidole hicho kina nini?"

Shekue akautwaa mkono wa Mwinyimvua mwenyewe, akaukaza mpaka uso ukamkunjamana kwa maumivu. "Kidole kimeungua, Shehe," akasema, "mkono wa mwenzangu umepona. Tuozeshe."

Watu wakacheka, wengine wakalia, na tangu siku hiyo maneno yakaenea. Kibibi akamzaa bibi yangu. Kidole cha Shekue kilipona kwa kupinda, na nasikia kila mtoto wa nyumba ile alijifunza kutembea kwa kukishikilia kidole hicho. Msingekuwapo nyinyi, wala mimi, kama kingeinuka kidogo tu asubuhi ile.

Haya, Nasoro, hiyo kalamu ya Mishi uliyoificha mfukoni, unangoja aiombe? Na wewe Mishi, unangoja akupe? Peaneni mikono mbele yangu. Kaza, mwanangu, kaza. Heri kidole kiungue, mkono wa mwenzio upone.