Kamba Fupi ya Nanga

Ndugu zangu, nawaomba mlisikilize shauri hili kama wazee wa baraza waadilifu, wasiomhukumu mtu kabla hajamaliza kusema.

Kulikuwa na mume na mke huko Makambako. Binti yao wa pekee, Faraja, alikwisha kuolewa. Siku moja mume akatangaza kwamba wanauza nyumba, wananunua mashua ya matanga yenye chumba cha kulala, na wanakwenda kuanza maisha mapya baharini. Alitoa sababu zake: majirani wachunguzi, vikao vya ukoo visivyokwisha, simu za michango ya harusi za watu asiowafahamu. Tusiziite sababu hizo uongo. Nani kati yetu hajawahi kuzima simu kwa ajili ya hayo hayo?

Mke akamwuliza wanakwenda wapi.

"Tunaondoka," akajibu mume.

"Hilo nimelisikia, Baba Faraja. Nauliza tunakwenda wapi."

Mume akaendelea kufunga mizigo. Hata hivyo mke alikunja vitenge vyake akamfuata, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu nyumba ilikwisha kuuzwa. Tangu siku hiyo mashua ile ndiyo ilikuwa mali yao yote.

Nahodha mstaafu aliyewauzia aliwaeleza wote wawili kwamba nanga haishiki kwa uzito wake tu. Hushika inapolala chini na kujichimbia mchangani, na hailali vizuri mpaka ipewe kamba ndefu. Kamba ikiwa fupi, kila wimbi huinyanyua.

Mume alielewa vizuri. Lakini kamba ndefu huchosha mikono wakati wa kuivuta, naye alipenda kuondoka mara tu moyo unapomtuma. Ghuba ya kwanza ilikuwa na mbu. Ya pili, watu wake walikuwa na maswali mengi. Ya tatu, spika za sherehe hazikumpa usingizi. Mke alikuwa hajalijua hata jina la mama anayemwuzia samaki, na tayari tanga lilikuwa limepandishwa. Kila alipomkumbusha mumewe habari ya kamba, mume alicheka.

"Kamba ndefu ni ya watu waliofika, Mama Faraja. Sisi bado."

Wafike wapi? Hilo hakulisema, nami siwezi kumsemea.

Basi asubuhi moja, katika ghuba nyingine, mume alichukua mtumbwi wao mdogo akaenda ufukweni kuulizia ghuba iliyo mbele. Huku nyuma upepo ukavuma kwa nguvu. Nanga ikaanza kuburuzwa, na mashua ikarudi nyumanyuma kuelekea mwambani, mke akiwa ndani peke yake. Hakuwa na mtu wa kumwita, kwa kuwa hakukuwa na hata mmoja aliyemjua kwa jina. Akatambaa hadi mbele, akaifungua kamba iliyobaki, akaiachia yote majini, ncha yake ikiwa imefungwa mashuani. Mashua ikazidi kurudi, kisha ikashtuka, ikasimama. Mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa kwa kasia.

Mume akarudi amelowa. Mnadhani alisema nini?

"Nilijua ghuba hii haifai. Haishiki nanga. Upepo ukitulia tunahama."

"Imeshika," mke akamwambia. "Hapo unaposimama unalalamika, imeshika. Wewe ndiye hujapata kuipa kamba. Ukiing'oa safari hii, nishushe kwanza."

Najua mnataka kusikia kwamba alitubu. Nami ningependa kuwaambia hivyo. Lakini upepo ulipotulia alimshusha mkewe ufukweni na vitenge vyake, akang'oa nanga, akaenda. Mke akapanda mchanga hadi kwa mama aliyekuwa akimwuzia samaki katika ghuba ile, akamwuliza anaitwa nani. Sasa amueni, ndugu: kati ya hao wawili, ni nani aliyeanza maisha mapya?

Mimi sisemi kwamba kuondoka ni dhambi. Maandiko yamejaa watu walioondoka kwao, na Mungu akawabariki. Wala sisemi kwamba Mungu ndiye aliyeutuma upepo ule kumwadhibu mtu. Ushahidi huo sina. Nasema tu lile ninaloliona. Sisi tumehama mitaa, tumehama kazi, wengine tumehama makanisa, na kila tulipofika tumekaa karibu na mlango, kisha tukatoka tukisema mahali pale hapakuwa na upendo. Je, tulikaa muda wa kutosha kupendwa? Kuna mtu aliyepewa nafasi ya kutujua?

Ibada hii inakaribia kwisha, na baadhi yetu tumekwisha kushika mikoba. Tuiweke chini. Kila mmoja wetu amgeukie aliye kando yake, amwulize jina lake, amwambie na la kwake. Kisha asubiri, kwa maana huenda mtu huyo ana jambo ambalo hakuna aliyewahi kukaa akalisikia.