Aliyekwenda Kumsaka Mwizi wa Maji

Mniambie kama huyu mtu hamumjui. Alikuwa mkulima, na shamba lake lilikuwa juu kabisa, pale mfereji wa kijiji unapoanzia. Migomba yake, jamani! Ukipita unatamani kuipa shikamoo. Jirani yake alikuwa na shamba chini, mfereji unapoishia. Huyu wa chini maharage yake yalikauka kila mwaka, na watoto wake walilala na uji mwepesi.

Yule wa juu hakuchoka kumsema. "Umaskini ni uvivu tu! Mimi naamka saa kumi alfajiri. Yeye je?"

Wa chini akachoka kusemwa. Akamwendea. "Kaka, shamba langu lile pale. Lilime wewe msimu huu, unionyeshe ninapokosea."

"Utaaibika!" akajibu wa juu, akabeba jembe.

Akalima, ndugu zangu! Tusimnyime haki yake, yule mtu alijua kazi. Akapanda kwa kamba, mistari ikanyooka. Maharage yakaota, yakaanza kutoa maua. Ikafika siku ya zamu ya maji. Akakaa kando ya mfereji, akasubiri. Maji hayaji! Zamu ya pili, hayaji! Majani yanajikunja, naye ameshatamba kijiji kizima.

Hasira zikampanda. "Kuna mwizi huko juu! Leo namshika!" Akaufuata mfereji kupanda mlima, watu nyuma yake. Shamba la kwanza, mfereji mkavu. La pili, mkavu. La tatu, mkavu. Mnadhani aliishia kwa nani?

Kwake! Maji yote yametuama kwenye magimbi yake, vyura wanaogelea! Mfereji umezibwa kwa vigogo vya migomba na udongo alivyopanga kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza kule chini kunabaki nini.

Yule wa chini akamuuliza taratibu, "Kaka, umempata?"

Mnacheka! Na wewe wa chini, usinicheke. Miaka yote hiyo miguu ulikuwa nayo, mbona hukuupanda mfereji? Kusemwa ulikubali, kwenda kuangalia hukwenda!

Kazi ni lazima, ndugu zangu, na Mungu haibariki mikono iliyokunjwa. Basi kesho sote tushike majembe. Lakini kabla hujafungua kinywa kumwita mwenzako mvivu, nenda kwanza shambani kwako, uinue vile vigogo, uyaache maji yapite.