Mkeka wa Mashavu na Miguu Kumi na Miwili

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua za kufagia na milango ya kubishwa hodi, mkeka mmoja ulishonwa nyumbani kwa Bi Pimbi. Waliokuwepo siku hiyo nawataja wote sasa hivi, wanangu, msije mkanikatiza katikati. Alikuwepo Bi Pimbi mwenyewe, ambaye hakuzidi kikapu cha sokoni. Alikuwepo binti yake mdogo, Mashavu. Alikuwepo jirani yao Bi Kanga, fundi wa kusuka ukili. Na walikuwepo Mzee Tembo, Bi Kiboko na Bwana Kifaru.

Hao watatu wa mwisho ndio waliomshtua kila aliyesikia. Hawakuwa wamekaa pamoja tangu wazaliwe.

Ugomvi wao ulikuwa wa chemchemi. Tembo alisema Kiboko anachafua maji. Kiboko alisema Tembo anayamaliza. Kifaru alisema wote wawili wana kelele. Basi kila asubuhi walisukumana pale, tifu, tifu, mpaka vumbi linafunika miti.

Asubuhi moja, katika vumbi hilo, Mashavu alikuwa ameinama akichota maji kwa kata yake. Vumbi lilipotulia, wakubwa walikuwa wamekwenda zao. Mashavu alikuwa amelala chini, na mguu wake umevunjika.

Bi Pimbi alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Alimfunga mguu kwa vijiti viwili na kitambaa safi. Bi Kanga alileta uji, akaupoza mwenyewe kwa kuupepea na bawa lake, kijiko kwa kijiko.

"Nenda ukawaambie," alisema Bi Kanga. "Waambie walichofanya."

"Nikiwaambia wataulizana ni mguu wa nani," alisema Bi Pimbi. "Kisha watapigana juu ya huo mguu. Na maji tutaendelea kuchota palepale. Safari hii ni mguu, Bi Kanga. Safari ijayo nitaokota nini?"

Bi Kanga alikoroga uji.

"Nataka wawe marafiki," alisema Bi Pimbi. "Jumatano alasiri nitawaalika waje kusuka ukili."

"Utamwalika nani?"

"Wote watatu."

Bi Kanga alishtuka hadi akataga yai pale pale, na haikuwa siku yake ya kutaga.

Ukili, kama hamjauona, ni mshipi mrefu unaosukwa kwa majani ya mkindu. Watu hukaa pamoja, kila mmoja anasuka wake, huku wanazungumza. Kisha kili hizo zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatokea. Desturi ya kule ilikuwa hii: ukili wako ukishashonwa kwenye mkeka wa mwenzio, huombi tena urudishiwe. Kuuchomoa ni kukata uzi, na uzi ukikatwa mkeka wote unafumuka.

Bi Pimbi alianza na Bi Kiboko, aliyekuwa majini, pua na masikio tu vikionekana.

"Shikamoo, Bi Kiboko."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, masikio yana maji."

"Jumatano tunasuka ukili kwangu. Chai ipo, na mihogo ya kuchemsha."

"Nisuke kwa vidole hivi? Unanicheka wewe."

"Mzee Tembo ndiye aliyesema nisikuache."

Chubwi! Bi Kiboko alizama mzima. Alipoibuka alikuwa na jani kichwani. "Nani?"

"Mzee Tembo. Alisema siku ile ulipoumwa, ukakosa kuja, maji hayakuwa na ladha."

"Tembo huyu huyu, mwenye pua ya kuburuza?"

"Huyo huyo. Lakini tafadhali usimwambie kwamba nimekwambia. Ana haya."

Kisha akaenda kwa Bwana Kifaru, aliyekuwa akijikuna kwenye mti.

"Bwana Kifaru, Bi Kiboko anakusifu. Anasema katika nchi nzima, mtu ambaye anaweza kumwambia siri ni wewe peke yako."

Kifaru aliacha kujikuna. "Ana siri gani?"

"Mimi hajaniambia, bwana. Ndiyo maana anakutaka wewe."

Kifaru alifikiri sana. "Jumatano umesema?"

"Jumatano, alasiri. Ila usimwambie kwamba nimekwambia."

Mwisho akamwendea Mzee Tembo.

"Bwana Kifaru anasema siku za joto husimama pale unapofika upepo wa masikio yako."

"Kifaru haoni hata ncha ya pembe yake," alisema Tembo. "Atajuaje mimi nipo wapi?"

"Haoni, mzee. Anausikia upepo."

Mzee Tembo alikuwa na tawi mdomoni. Hakulitafuna tena. Alisimama nalo hivyo hivyo, na Bi Pimbi alipogeuka nyuma akiwa mbali, bado alikuwa nalo.

Jumatano ilifika. Bi Pimbi alifagia ua, akateleka chai, akamlaza Mashavu kivulini na kumfunika kwa khanga ili mguu usionekane.

"Hodi."

"Karibu, Mzee Tembo."

"Hodi humu ndani."

"Karibu, Bi Kiboko. Pita, Bwana Kifaru, na wewe pia."

Wakakutana wote watatu langoni. Bi Kanga alifumba macho, akisubiri kishindo.

Hakukuwa na kishindo. Kiboko alimchekea Tembo. Kifaru alimchekea Kiboko. Tembo alimchekea Kifaru. Na kila aliyechekewa alishtuka, kwa sababu hakutegemea kuchekewa na yule.

"Tangulia wewe," alisema Tembo.

"Mimi?" alisema Kifaru. "Tangulia wewe, mzee."

"Jamani, mihogo inapoa," alisema Bi Kiboko, akapita katikati yao. Lakini kabla ya kukaa aliweka mtungi wa maji karibu na kichwa cha Mashavu. "Nimesikia una mgonjwa," alimwambia Bi Pimbi kwa sauti ndogo. "Haya ni ya juu juu. Sikuyachafua."

Bi Pimbi aligeuka upande, akajifanya anachochea moto.

Kazi ikaanza, na mwanzo ilikuwa aibu tupu. Majani yalikuwa makavu, yakakatika, pwa, pwa. Kiboko alijaribu kuyalainisha kinywani, yakalainika vizuri. Tembo aliona yamebaki machache, akanyoosha mkonga hadi kwenye moyo wa mkindu uliokuwa nje ya ua, akaleta yale machanga, ambayo Bi Kanga mwenyewe hajawahi kuyafikia. Msukaji hunasa mwanzo wa ukili kwenye kidole gumba cha mguu, lakini kwa wageni wale hapakuwa na kidole cha kunasa kitu. Kifaru akainamisha kichwa.

"Naseni hapa," alisema, akaonyesha pembe yake.

Basi wakanasa kili zote tatu kwenye pembe moja. Kifaru alikaa kimya, hakutikisika, hata nzi alipomtua puani.

"Kaza kidogo, Mzee Tembo," alisema Bi Kanga. "Usivute. Kaza."

"Nakaza, mwalimu."

"Unavuta. Utamng'oa mwenzio pembe."

Kifaru alicheka. Hakuna aliyewahi kumsikia Kifaru akicheka. Ilikuwa kama gunia la karanga linalomwagwa, na Bi Pimbi akaangusha kikombe kwa mshtuko.

Kila ukili ulipokamilika Bi Kanga aliuchukua na kuushona. Wa Kiboko, kisha wa Kifaru, kisha wa Tembo. Mkeka ukaanza kuenea katikati ya ua, mbichi, wenye baridi. Mashavu alijivuta taratibu kutoka kivulini, akajilaza juu yake na khanga yake, akalala. Wakubwa walikuwa wakinywa chai, hawakumwona akihama.

Hapo ndipo Bi Kiboko aliposhindwa kujizuia.

"Mzee Tembo," alisema, "nami nilikukumbuka."

"Ulinikumbuka lini?"

"Siku ile nilipoumwa. Wewe ulisema maji hayakuwa na ladha."

Tembo alimtazama. "Mimi sikusema hivyo."

Sindano ikamponyoka Bi Kanga.

"Hukusema?"

"Sikusema. Bwana Kifaru, mimi nilisema hivyo?"

"Sijui," alisema Kifaru. "Mimi nangoja siri ya Bi Kiboko."

"Siri gani?" aliuliza Bi Kiboko.

"Ile ambayo unaweza kuniambia mimi tu."

"Sina siri yoyote, baba."

Chai ilisikika ikichemka. Kisha, polepole, vichwa vitatu vikubwa vikageuka kumtazama Bi Pimbi.

"Mama Mashavu," alisema Mzee Tembo, "na ule upepo wa masikio yangu?"

"Niliutunga, mzee."

"Wote?"

"Wote. Na ladha ya maji, na siri. Nimewadanganya."

Kifaru alisimama ghafla. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu, maana alikuwa ameingoja ile siri tangu Ijumaa. Alinyanyua mguu wa mbele juu ili aupige chini, kama alivyozoea kupiga chini akikasirika.

"Bwana Kifaru, usiuteremshe!"

Sauti ya Bi Pimbi haikuwahi kuwa kubwa namna ile. Kifaru akaganda, mguu hewani.

"Mwanangu yuko chini yake," alisema Bi Pimbi, sasa kwa sauti nyembamba. "Usiuteremshe, tafadhali."

Kifaru hakuona kitu. Alisimama kwa miguu mitatu akitetemeka, jasho likimdondoka, ndo, ndo, ndo. Kati ya ukwato na mtoto palikuwa na shibiri moja. Mashavu alikuwa bado amelala.

Mzee Tembo alishusha mkonga, akashika pindo la mkeka, akauvuta kidogo kidogo pamoja na mtoto, mpaka ukatoka. Ndipo Kifaru alipouteremsha mguu wake, taratibu. Akakaa chini, pu.

Khanga ilikuwa imeteleza wakati mkeka unavutwa. Wote wakaona vijiti viwili na kitambaa.

"Nani aliyemfanya hivi?" aliuliza Bi Kiboko.

Bi Pimbi aliirudisha khanga kwanza.

"Ilikuwa chemchemini, wiki iliyopita, mlipokuwa mnasukumana. Alikuwa anachota maji."

"Ni mguu wa nani?" aliuliza Tembo.

"Miguu ilikuwa kumi na miwili, mzee. Sikuona ni upi."

Mzee Tembo akatazama miguu yake minne. Bi Kiboko akatazama yake. Kifaru naye akainama, akaitazama yake, ingawa hakuweza kuiona. Walikuwa hawajui. Walikwenda zao asubuhi ile wakanywa chai kwao, na hawakujua kwamba nyuma yao amebaki mtoto mavumbini. Nikifika hapa, wanangu, hata mimi mwili hunisisimka.

"Kwa nini hukutuambia?" alisema Tembo.

"Ningewaambia, mngekuja kutafuta mwenye kosa. Nilitaka mje mkae."

Kifaru alikuwa analia. "Nikatieni ukili wangu niende nao," alisema. "Mimi sifai kukaa na watu. Sioni."

Bi Kanga aliangalia mkeka, akamwangalia Mashavu juu yake.

"Wako uko katikati, Bwana Kifaru," alisema. "Nikiukata, mtoto ataamka yuko juu ya majani matupu."

Kifaru akabaki amekaa.

Bi Kiboko alivuta pumzi ndefu. "Mzee Tembo, ile siku niliyoumwa."

"Nimekwambia sikusema kitu."

"Nimesikia. Sikuulizi kama ulisema. Nakuuliza maji yalikuwaje."

Mkonga wa Tembo ulikuwa ukichora mstari mchangani, ukiufuta, ukichora tena.

"Yalikuwa masafi," alisema mwishoni. "Masafi kabisa, naona mpaka kokoto. Nilikunywa peke yangu." Akaufuta mstari. "Sikuyapenda."

Bi Kanga aliiokota sindano yake. Uongo wa Bi Pimbi ulikuwa umekaa pale uani umegeuka kweli, na yeye ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

"Bado pindo moja," alisema Bi Kanga. "Nani ana majani?"

"Mimi ninayo," alisema Kifaru, akafuta macho kwa goti. Akainamisha pembe yake. "Naseni hapa."

Tembo akasogea karibu yake ili ashike vizuri. Masikio yake yakawa yanapepea, pole pole, juu ya Mashavu, na juu ya Kifaru pia. Kifaru akageuza uso upande ule.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Una upepo mzuri, mzee."

Wakashona mpaka jua likazama, na mkeka ukaisha na mtoto juu yake.

Funzo lake, wanangu, ni moja tu: ni vigumu kumkanyaga mtu ambaye umekaa naye chini mkashona mkeka mmoja.

Asubuhi iliyofuata wakubwa watatu walifika chemchemini wakati mmoja, wakasimama, na Kifaru akauliza kama kuna mtoto chini. Na kabla ya mvua za vuli Mashavu alikwenda kuchota maji kwa miguu yake mwenyewe.