Gurudumu Lililosimama Pakavu

Hapo zamani, zamani za gari moja kwa vijiji vingi, Bi Siwema aliletewa habari kwamba mwanawe wa pekee, Zuhura, amefariki kwa mumewe, ng'ambo ya bonde. Wakwe waliongeza neno: "Tutamngoja mama yake hadi Alasiri. Maiti hacheleweshwi." Bi Siwema akaomba jambo moja tu: auone uso wa mwanawe.

Kaka yake, Mtoro, akawasha gari. Wakapanda pia Shamte, mtunza msikiti, mwenye majamvi ya wakfu, na Ngwele, fundi wa magari. Njiani gurudumu la nyuma la kushoto likazama topeni. La kulia likabaki pakavu.

Mtoro akakanyaga mafuta. La kushoto likazunguka kama pia. La kulia likasimama tuli na vumbi lake. Ndiyo tabia ya difu, chuma kilicho kati ya magurudumu hayo: huyagawia nguvu sawasawa, kwa kipimo cha lile dhaifu. Linaloteleza hupokea kidogo, na lenye ardhi ngumu hupewa kidogo kile kile.

"Bwana Mtoro, punguza mafuta..." akaanza Ngwele.

"Nyamaza, fundi wa baiskeli! Dada yangu analia, nawe wasema nipunguze?"

Shamte akacheka. Ngwele akafumba mdomo, akashuka, akaketi kando ya njia.

"Shehe Shamte," akasihi Bi Siwema, "tandika majamvi chini ya gurudumu."

"Haya ni ya Mungu, Bi Siwema. Cha kwangu ningekitoa, hata kanzu hii."

Akasema hivyo, na kanzu akabaki nayo.

Jua likapinda. Hatimaye Ngwele akainuka, akavuta breki ya mkono kidogo tu, Mtoro akikanyaga polepole. Gurudumu la topeni likapata kizuizi, fungu la yote mawili likaongezeka, la kulia likasukuma, gari likatoka.

Walipofika kwa wakwe, wakawakuta wanaume wakirudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

Kisha wale watatu wa garini wakamnyooshea Bi Siwema mkono wa tanzia.

"Nilikanyaga kwa huruma," akasema Mtoro. "Huruma nayo ina dhambi?"

"Nililinda amana," akasema Shamte. "Ningemjibu nini Mwenyezi Mungu?"

"Nilinyamazishwa mbele ya watu," akasema Ngwele. "Na mwishowe si mimi niliyelitoa gari topeni?"

Bi Siwema aliipokea mikono miwili. Mmoja akauacha hewani, akaingia ndani alimolala mwanawe asubuhi ile.

Enyi mnaonisikiliza, je, ni mkono wa nani uliostahili kuachwa?